Jino la Pembe na Ustahimilivu wa Ufa

Wahenga wa pwani walituachia methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tumeisikia tangu shule ya msingi, na kila mara hufasiriwa kwa njia ile ile: kitu cha kuazima hakiwezi kushika nafasi ya kitu cha asili, mlezi si mzazi, wala mgeni si mwenyeji. Ni nadra mwalimu kusita na kuuliza swali ambalo fundi yeyote angeliuliza mara moja. Je, ni kwa nini jino la pembe lisiwe dawa ya pengo? Linashindwa wapi hasa? Linavunjika? Linaoza? Linachomoka? Methali hii ni sitiari, lakini inazungumzia kifaa cha kuzibia mdomo, na kila kifaa cha kuzibia kinaweza kupimwa.

Nia ya insha hii ni kulichukua swali hilo kwa uzito wake halisi. Nitaeleza jinsi wataalamu wanavyopima uwezo wa vifaa vya kuzibia meno wa kustahimili ufa, kisha nitaonyesha ni kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wa Kiswahili. Sikulifikia suala hili kupitia vitabu. Nililifikia kupitia mdomo wa shangazi yangu.

Msomaji asiyeifahamu Kaaga na aelewe kwamba ni kitongoji cha Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wamethodisti waliweka misheni hapa, na leo pamesimama shule za upili za wavulana na za wasichana pamoja na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilichopewa hati mwaka 2006. Asubuhi za Kaaga ni za baridi, na chai hunywewa ikiwa karibu kuchemka. Mahindi huchomwa kando ya barabara hadi punje zinakuwa kama changarawe. Githeri hupikwa kila nyumba, na si kila punje huiva sawasawa. Kutoka Nyambene huja miraa, ambayo mtu huitafuna kwa saa nyingi bila kupumzisha taya. Mambo haya yote ni mtihani kwa jino, na ni mtihani mkali zaidi kwa jino lililozibwa.

Shangazi yangu ni mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Gakoromone. Alizibwa gego moja katika zahanati ya meno ambayo haina haja ya kutajwa. Miezi minane baadaye, akila githeri, alisikia kitu kikilia ndani ya mdomo wake, naye akatema kipande cheupe chenye ukubwa wa punje ya mtama. Aliporudi zahanatini aliambiwa kwa Kiingereza maneno ambayo hakuyashika, kisha akaambiwa kwa Kiswahili kwamba alitafuna kitu kigumu. Jino lile likang'olewa. Jioni hiyo alinijia akiwa amekifunga kipande kile katika kitambaa.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ndiye msomi wa lugha. Hebu nieleze. Hiki kimevunjika kwa sababu nimekosa mimi, au kwa sababu chenyewe kilikuwa kibovu?"

"Walikuambia nini, shangazi?"

"Kwamba nilitafuna kitu kigumu. Nilikuwa nakula githeri. Githeri ni kitu kigumu?"

Lingekuwa jambo dogo laiti lingeishia hapo. Lakini shangazi alikuwa na gego jingine lenye ufa, na alikuwa ameapa kwamba hatazibwa tena. Afadhali ling'olewe kabla ya kumla fedha mara mbili. Zaidi ya hayo, alikuwa akiwalea wajukuu wawili, na sasa aliwaambia kwamba kuziba meno ni udanganyifu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza. Katika hali kama hiyo, neno la bibi mmoja kwa wajukuu wake lina uzito. Swali lake lilistahili jibu la kweli, tena kwa lugha anayoielewa.

Nilianza kwa kulichunguza neno lililomtia hatiani: ugumu. Katika mazungumzo ya kila siku tunaliita gumu chochote kisichokubali kwa urahisi, iwe ni jiwe, mtihani au moyo wa mtu. Katika sayansi ya mata, yaani vitu vinavyotengenezewa vyombo, neno hilo linabeba walau dhana tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni ugumu wenyewe, yaani uwezo wa kitu wa kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa. Ya pili ni nguvu, yaani mkazo ambao kitu kizima huweza kubeba kabla ya kuvunjika. Ya tatu ni uwezo wa kitu ambacho tayari kina ufa wa kuuzuia ufa huo usikimbie. Dhana hii ya tatu ndiyo iliyomhusu shangazi, nayo ndiyo ambayo Kiswahili chetu cha kila siku hakijaipa jina lililozoeleka.

Tofauti kati ya dhana hizi inaonekana mjini Meru kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya duka la vioo. Kioo ni kigumu kuliko mbao. Ukucha hukwaruza mbao laini lakini haukidhuru kioo. Hata hivyo, fundi hukikata kioo kwa kukichora mstari mmoja kwa kigurudumu kidogo, kisha akakibonyeza kwa vidole, nacho hukatika papo hapo kwa kuufuata mstari ule. Hakukishinda kwa nguvu. Alikipa ufa, akauachia ufa umalizie kazi. Ubao ukichorwa mstari wa kina kile kile, haujali. Kwa hiyo kitu kigumu chaweza kuwa dhaifu sana mbele ya ufa, na kitu laini chaweza kuwa hodari.

Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith ndiye aliyeliweka jambo hili katika hesabu. Mwaka 1921 alichapisha utafiti wake juu ya kuvunjika kwa vitu, akitumia kioo kama mfano. Alitaka kujua kwa nini kioo huvunjika kwa mkazo mdogo kuliko ule unaotarajiwa tukiangalia jinsi chembe zake zilivyoshikamana. Jibu lake lilikuwa kwamba kioo hakikosi nyufa ndogo zisizoonekana, na kwamba mkazo hukusanyika kwenye ncha za nyufa hizo. Ufa unapokimbia huachia nishati iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya kitu, na wakati huo huo hudai nishati ya kuumba nyuso mpya. Ukifika urefu ambapo nishati inayoachiwa inazidi ile inayodaiwa, hakuna cha kuuzuia. Mwaka 1957 Mmarekani George Irwin aliiendeleza hoja hiyo na kutupa kipimo ambacho wahandisi hukitumia hadi leo.

Dunia ilijifunza somo hili kwa gharama. Mnamo Januari 1943, meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetia nanga katika maji matulivu huko Oregon, Marekani. Haikupigwa na bomu wala na wimbi. Chuma chake kilikuwa na nguvu ya kutosha kwa mizani ya kawaida. Kilichokosekana ni uwezo wa kuuzuia ufa katika baridi ile. Kama meli nzima yaweza kupasuka bandarini, haishangazi kwamba jino lipasuke mezani.

Sasa tuangalie namna kipimo chenyewe kinavyofanywa. Rafiki niliyesoma naye shule ya upili, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uhandisi jijini Nairobi, alinikaribisha katika maabara ya chuo chao ili nijionee. Nilitarajia kuona meno. Nilichoonyeshwa ni vijiti vidogo vya mstatili vilivyofinyangwa kutokana na dawa ya kuzibia, vyenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi na unene wa milimita chache. Katikati ya kila kijiti, upande mmoja, palikuwa na mkato mwembamba. Rafiki yangu alinieleza kwamba mkato huo ndio moyo wa jaribio. Ukipima kijiti kizima, unapima bahati: hujui ufa wake wa asili uko wapi wala una urefu gani. Ukikitia mkato unaoujua, unakuwa umeichagua mahali pa vita.

Mkato wenyewe una masharti. Ncha yake sharti iwe kali. Mkato wenye ncha butu husambaza mkazo, na kijiti huonekana hodari kuliko kilivyo. Kwa vifaa vya kauri, mkato huchimbwa kwanza kwa diski nyembamba, kisha hunolewa kwa wembe uliopakwa unga wa almasi, ukienda mbele na nyuma polepole hadi ncha yake inakaribia kuwa kama ufa halisi. Baada ya hapo, vijiti vya dawa ya kuzibia huwekwa ndani ya maji yenye joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili, kwa muda wa saa 24 au zaidi, kwa kuwa dawa kavu na dawa iliyolowa hazina tabia moja. Wapo wanaoongeza mateso: vijiti hutumbukizwa katika maji ya nyuzi 5, kisha katika maji ya nyuzi 55, mara maelfu. Niliposikia takwimu hizo niliikumbuka chai ya Kaaga saa kumi na mbili asubuhi, na hewa inayovutwa mdomoni kati ya funda moja na jingine.

Kijiti kikiwa tayari, huwekwa juu ya nguzo mbili, mkato ukiangalia chini. Nguzo ya tatu hushuka kutoka juu, katikati, kwa mwendo wa chini ya milimita moja kwa dakika. Kompyuta huchora mstari unaopanda. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha husikika mlio mdogo, mstari huanguka, na kijiti kimekuwa viwili. Mlio ule ulikuwa mdogo sana, kama wa punje ya mahindi inayopasuka chini ya jino. Rafiki yangu aliandika nguvu iliyofikiwa, akapima kina cha mkato chini ya darubini, akaviingiza katika hesabu pamoja na umbo la kijiti. Matokeo yake ni namba moja, na kizio chake ni cha ajabu: megapaskali zidisha kwa kipeuo cha pili cha mita. Nilimuuliza ni nani aliyewahi kukutana na kipeuo cha mita sokoni. Akacheka na kusema kwamba ndani ya kizio hicho mna mkazo na urefu wa ufa vikiwa vimefungwa pamoja, na kwamba huko ndiko hekima yake iliko.

Hekima hiyo inafaa kufafanuliwa kwa mfano. Tuchukue kifaa ambacho namba yake ni 1. Kikiwa na ufa ukingoni wenye kina cha milimita 0.1, kitavunjika mkazo utakapofika takriban megapaskali 50. Ufa ule ukirefuka hadi milimita 0.4, yaani mara nne, mkazo wa kukivunja utashuka hadi takriban megapaskali 25, yaani nusu. Mlaji hajabadilisha chakula chake. Ni ufa uliobadilika. Tuseme sasa kifaa kingine kina namba 2. Kwa mkazo ule ule, hiki kinaweza kuishi na ufa wenye urefu mara nne ya ule wa kwanza. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuandika kipeuo chochote, lakini walijua kwamba ufa una kiwango ambacho ukikivuka haurudi nyuma.

Tukiwa na mizani hii mkononi, tunaweza kuvipanga vifaa. Kioo cha dirishani kina namba ya takriban 0.7 hadi 0.8. Simenti ya glasi-ionoma, ambayo hutumika sana katika kuziba meno, kwa kawaida haifiki 1, na aina nyingi hukaribia nusu tu. Kompositi, ambayo ni utomvu wa kutengenezwa uliochanganywa na chembe za glasi na kukaushwa kwa mwanga wa buluu, huwa kati ya 1 na 2. Zirkonia, kauri nyeupe inayotumika kutengenezea vikofia vya meno, hufika 5 na zaidi. Siri ya zirkonia ni ya kupendeza. Ufa unapoikaribia, fuwele zilizo mbele ya ncha hubadili umbo na kuvimba kwa takriban asilimia 4, na uvimbe huo huubana ufa kutoka pande zote. Mwaka 1975 watafiti waliolieleza jambo hilo waliilinganisha kauri hiyo na chuma cha pua. Ni kifaa kinachojiziba ufa chenyewe, na labda hicho ndicho kitu ambacho wahenga wangalikisifu.

Na jino la asili je? Tabaka la nje, enameli, lina madini takriban asilimia 96 kwa uzito. Ndilo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, lakini ustahimilivu wake wa ufa ni mdogo, karibu na 1, na hutegemea ufa unaelekea wapi. Yeyote aliyepasua kuni anaelewa jambo hili: gogo hupasuka kwa urahisi likipigwa kufuata nyuzi zake, lakini hukataa likipigwa kwa kukingama. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi. Madini yake ni takriban asilimia 70, na iliyobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Namba yake ni 2 hadi 3. Kwa hiyo jino ni ushirika wa ndugu wawili wenye tabia tofauti: mmoja mgumu anayekabiliana na chakula, na mwingine mvumilivu anayemsubiri ufa ndani. Nyufa nyingi zinazoanzia katika enameli hukoma zinapofika mpakani mwa dentini. Watu wengi wazima huishi na nyufa kama hizo kwa miaka mingi bila kujua.

Hapa ndipo tunapoweza kuirudia pembe. Pembe ya ndovu ni jino; sehemu yake kubwa ni dentini. Kwa mizani ya ufa, jino la pembe si dhaifu hata kidogo. Lingeweza kulishinda lile la simenti mara kadhaa. Pembe ilipitia Bagamoyo na Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19, na nyingi ya hiyo ilisafirishwa hadi Marekani kukatwa vibao vya piano kwa sababu hukatwa vyema bila kupasuka. Wazungu wa karne ya 18 walichonga meno ya bandia kwa pembe za ndovu na meno ya viboko. Hayakushindwa kwa kuvunjika tu. Pembe isiyo na uhai haina enameli ya kuilinda. Hunyonya mate, hubadilika rangi, huoza na kunuka. Tena haishikamani na ufizi wala na jino la jirani. Methali ni ya kweli basi, lakini sababu yake si ile ambayo mtu angeidhania. Jino la pembe halikosi ustahimilivu wa ufa. Linakosa mambo mengine, na fundisho lake kwa mpimaji ni kwamba namba moja, hata iwe nzuri namna gani, haitoshi kumpa mtu jino.

Fundisho hilo ndilo linalotuzuia kuihukumu simenti ya glasi-ionoma kwa haraka. Katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha namna ya kuziba meno bila umeme wala keekee. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu hujazwa dawa inayojishikiza yenyewe. Njia hiyo ilienea hadi Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza katika Siku ya Afya Duniani. Ni mojawapo ya mambo ambayo Afrika Mashariki imeufunza ulimwengu, ingawa hatulitaji mara nyingi. Simenti ya glasi-ionoma ndiyo iliyoifaa njia hiyo: hushikamana na jino kwa kemia yake, huachia floridi, na huganda bila mashine. Ustahimilivu wake mdogo wa ufa ndio bei inayolipwa. Katika tundu dogo lililozungukwa na kuta za jino lenyewe, hudumu vyema. Katika tundu lililobomoa ukuta wa pembeni, kati ya jino na jino, mambo hugeuka. Watafiti waliowafuatilia watoto wa shule za msingi katika Machakos waliripoti mwaka 2009 kwamba, baada ya miaka miwili, ni takriban thuluthi moja tu ya dawa za aina hiyo zilizokuwa zimesalia.

Upo pia msingi wa zamani, amalgamu ya fedha, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ilihudumu kwa zaidi ya karne moja na nusu, na bado ipo katika vinywa vya wazee wetu. Lakini Mkataba wa Minamata, ulioidhinishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi ziipunguze, na mwaka 2022 wanachama walikubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona ni lazima. Inapoondoka amalgamu, swali la shangazi linazidi kuwa la kila mtu: kinachokuja badala yake kinastahimili nini?

Nilirudi Kaaga nikiwa na jibu, lakini sikuwa na jina. TUKI walitupatia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, istilahi iliyo kitabuni ni kama kijiti ambacho hakijawekwa juu ya nguzo. Niliamua kuzijaribu istilahi tatu mbele ya shangazi, tukiwa tumeketi jikoni kwake akichambua maharagwe. Ya kwanza ilikuwa ukakamavu wa mpasuko. Akasema kwamba mkakamavu ni askari, na kwamba jino halipigi gwaride. Ya pili ilikuwa ukinzani wa mwatuko. Hakusema neno, aliendelea kuchambua maharagwe. Ya tatu ilikuwa ustahimilivu wa ufa. Hapo aliinua kichwa.

"Yaani ufa upo, lakini jino linauvumilia?"

"Ndivyo, shangazi. Kila kitu kina ufa. Swali ni kitauvumilia kwa muda gani, na kwa mzigo gani."

"Basi hicho changu hakikuwa na uvumilivu."

"Kilikuwa nao kidogo, nacho kiliwekwa mahali panapodai mwingi. Taya huweza kubana gego kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50, na wewe hutafuna mara mamia kila mlo. Ufa ulikuwa ukisogea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Githeri haikuanzisha jambo. Ilikuwapo siku ya mwisho tu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo sikukosa."

Kauli hiyo fupi ndiyo iliyonishawishi kuandika makala haya. Mwanamke mwenye umri wa miaka zaidi ya 60 alikuwa ameibeba lawama kwa wiki kadhaa kwa sababu ya neno moja lililotumika ovyo. Aliyemwambia kwamba alitafuna kitu kigumu hakumdanganya kwa makusudi. Alikosa neno la kati, neno linaloweza kusimama baina ya chakula na dawa na kusema kwamba tatizo lilikuwa ufa. Pale ambapo lugha ina pengo, lawama huliziba, na kwa kawaida humwangukia yule asiye na Kiingereza.

Wiki mbili baadaye nilimsindikiza kwa daktari mwingine wa meno kwa ajili ya lile gego la pili. Daktari alikuwa kijana mpole aliyemwita mama. Shangazi hakuningoja nimkalimanie. Aliuliza mwenyewe, "Daktari, hiyo dawa yako inastahimili ufa, au ni kama ile nyingine?" Daktari alisita, kisha akatabasamu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtaalamu akieleza kwa Kiswahili, bila kukimbilia lugha nyingine, kwamba dawa moja hushikamana vyema lakini ni dhaifu kwa ufa, nyingine ina ustahimilivu zaidi lakini hutaka mahali pakavu kabisa na gharama kubwa, na kwamba ufa wa jino lake ulikuwa bado haujapita enameli. Walizungumza kuhusu bei. Walizungumza kuhusu upande wa kutafunia. Shangazi alichagua kompositi, akalipa nusu siku hiyo na nusu mwisho wa mwezi. Sijui jino hilo litadumu kwa miaka mingapi. Najua kwamba alilichagua akijua anachonunua, na kwamba wajukuu wake walipelekwa kukaguliwa likizo iliyofuata.

Wanachama wenzangu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kikiwa tayari lugha ya taifa. Urasmi huo hautimii kwa kupamba mabango ya ofisi. Unatimia pale mgonjwa anapouliza swali na kujibiwa. Tumezoea katika idara zetu kuzijadili istilahi kwa vigezo vya muundo: kama zimenyambuliwa sawasawa, kama zimekopwa au zimetafsiriwa, kama zinaoana na ngeli. Vigezo hivyo ni vya lazima, kama vile kijiti kinavyopaswa kuwa na vipimo sahihi kabla ya kupimwa. Lakini hakuna anayekisifu kijiti kwa sababu ya unyofu wake. Kinawekwa juu ya nguzo, kinatiwa mkato, kinalemezwa mzigo. Istilahi nayo ipelekwe sokoni na zahanatini, itiwe mdomoni mwa mtu asiyetudai alama wala shahada, ndipo tuone itakatika wapi.

Napendekeza kwamba chama chetu kianze na orodha fupi ya maneno 50 ya afya ya kinywa, yakusanywe kwa kushirikiana na wanafunzi wa uuguzi na utabibu walio jirani zetu, na kila neno lijaribiwe kwa wagonjwa halisi kabla ya kuchapishwa. Neno litakaloshindwa lisionewe haya. Liwekwe kando, na sababu ya kushindwa kwake iandikwe, kama wapimaji wanavyoandika namba za vijiti vilivyokatika mapema. Ustahimilivu wa ufa nauweka mezani uwe wa kwanza katika orodha hiyo. Umeshapita mdomo mmoja wa Gakoromone, na midomo mingine inangoja.